Maziwa ya Kuvukia Mto

Nilikuwa mtu mwenye afya ya kuudhi. Kwa miaka hamsini na moja sikuwahi kulazwa hata siku moja, na kila aliyenieleza habari za kisukari chake au mgongo wake nilimsikiliza kwa uso wa huruma huku moyoni nikimwona mzembe. Nafundisha katika chuo kimoja cha ualimu hapa Mtwara. Kwetu ni Songea, mimi ni Mngoni, lakini nimekaa pwani hii miaka ishirini na miwili. Nimeoa hapa, nina shamba la mikorosho sitini upande wa Naliendele, na mara mojamoja huandika makala za kuwafundisha watu namna ya kuishi. Nayasema haya mapema ili mjue aliyeanguka alianguka kutoka urefu gani.

Daktari wangu ameniomba niwasimulie wenzangu wanaokaa kwenye benchi la kliniki yake wakiangalia chini. Nilimwambia kusimulia siwezi, nitalia. Kuandika nitajaribu.

Ilianza Juni, siku ya kupuliza salfa. Kwa msio wa huku: mikorosho ikianza kuchanua hupuliziwa unga wa salfa ili maua yasiungue kwa ubwiri, ule ukungu mweupe. Kazi hufanywa asubuhi na mapema, upepo ukiwa umetulia na umande ungali kwenye majani. Mpulizaji wangu ni Rajabu, Myao wa Tunduru, mtu wa rika langu, na mtani wangu. Babu zake na babu zangu walipigana, kwa hiyo sisi wajukuu tumerithi ruhusa ya kutukanana bila kununiana.

Rajabu alikuwa na mashine mgongoni, mimi nimesimama mbali, upande ambao vumbi haliji. Ghafla moyo ukagonga kifuani kwa nguvu, mara moja, kama mtu aliyefungiwa ndani. Kisha ukaanza kukimbia. Koo likabana. Jasho la baridi likashuka hadi kiunoni. Vidole vikawa vinachomachoma, midomo ikafa ganzi kama nimetoka kung'olewa jino. Jambo la ajabu zaidi lilikuwa mikorosho yenyewe: niliiona, lakini kama picha ya mikorosho. Nikakaa chini kwenye majani makavu. Nilijua ninakufa kama ninavyojua jina langu.

Rajabu akazima mashine. "Mngoni, mbona umekaa kama mtu anayesubiri kunyolewa?"

"Salfa," nikasema. "Imeniingia."

"Salfa nimebeba mimi mgongoni, imekuingia wewe?"

Hata hivyo alinitazama mara ya pili, akaacha mzaha, akakimbia kwa jirani mwenye ng'ombe. Akarudi na kikombe cha maziwa, maana huku kila mtu anajua kwamba aliyevuta sumu ya shambani hupewa maziwa. Nikanywa yote. Baada ya muda moyo ukatulia, mikorosho ikarudi kuwa mikorosho. Nikatoka pale na elimu mpya kabisa: nina sumu ya salfa mwilini, na dawa yake ni maziwa. Elimu hiyo ilinigharimu miezi mitano.

Mke wangu, Adelina, alinipeleka hospitali kesho yake. Nilipimwa presha. Nilibandikwa waya kifuani wakausoma moyo. Walitoa damu, walipiga picha ya mapafu. Daktari wa zamu akasema, "Mwalimu, moyo wako mzuri. Mapafu safi."

Mtu mwenye akili angeshukuru. Mimi niliudhika. Februari ya mwaka ule kaka yangu mkubwa alikuwa amefariki Songea, na moyo wake nao waliuita mzuri wiki mbili kabla. Nilitoka na karatasi zangu mkononi nikiwa na hakika kwamba nimekufa tayari ila vipimo havijapata habari.

Mara ya pili ilinipata darasani. Nilikuwa ubaoni, chaki mkononi, wanachuo sabini nyuma yangu, moyo ukagonga vilevile. Nikasema nimesahau kitabu, nikatoka, nikajifungia chooni nimeshika ukuta. Pale chooni nikapata wazo ambalo mtu asiyesoma asingelipata: chaki ni unga mweupe, salfa ni unga, basi vumbi la chaki linaiamsha salfa iliyolala kwenye damu. Wiki hiyohiyo nikaomba nihamishiwe chumba chenye ubao wa kalamu za wino. Nilihamishwa. Ikanifuata huko.

Basi nikaanza kutembea na maziwa. Pakiti ya nusu lita, kwenye mkoba, pamoja na vitabu. Moyo ukitikisika tu, nakata kona ya pakiti kwa meno na kunywa. Kanisani nilikaa benchi la mwisho, jirani na mlango, na maziwa. Kwenye bajaji sikukubali kukaa katikati. Shambani sikuenda tena. Na kwa kuwa maziwa mabichi ya dukani na tumbo langu hawajawahi kupatana tangu utoto, nikaanza pia kuharisha, na kuharisha huko nikakuandika kwenye daftari kama dalili ya pili ya sumu. Daftari hilo ninalo bado. Halionyeshwi mtu.

Adelina alivumilia. Ni mwalimu wa shule ya msingi, amezoea watoto wanaosema wanaumwa siku ya mtihani. "Baba Neema," aliniuliza siku moja, Neema ni binti yetu aliyeko masomoni Dodoma, "hiyo salfa inakukamata ukiwa unakula?"

"Hapana."

"Ukiwa unatazama mpira?"

"Hapana."

"Ina adabu sana," akasema, akaendelea kukuna nazi.

Septemba baba yake akafariki.

Mzee Agostinho aliishi ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, kwenye kijiji ambacho wazee wa Adelina, Wamakonde, hawakukihama hata wengine walipovuka kuja huku. Njia yetu ni kushuka Kilambo na kuvuka kwa boti. Katika ukoo wao mkwe mkubwa ana kazi mbili ambazo hapewi mwingine akiwapo: siku ya kuzika hupiga jembe la kwanza la kaburi, na siku ya arobaini husimika msalaba na kuushindilia udongo. Mkwe mkubwa ni mimi. Mzee alinipa binti yake bila kunisumbua, akaniita "mwanangu mwalimu" miaka yote. Jembe lile nililitaka kwa moyo wote.

Tulifika Kilambo asubuhi, tukagongewa vibali. Maji yalikuwa yanaanza kupwa, mwenye boti anahimiza. Adelina akapanda. Nikavua viatu, nikaingia matopeni, nikaweka mguu mmoja ndani ya boti. Boti ikayumba kidogo. Nikautazama ule upana wa maji na michanga katikati, nikafikiri: nikizidiwa pale, nitatokea wapi?

Hapo moyo ukagonga.

Nikarudisha mguu. Nikakaa kwenye tope na suruali ya msibani, nikitafuta pumzi, mkono ukipapasa mkoba. Watu wakajaa.

"Kifafa hicho, msimguse."

"Presha. Mfungueni shati."

"Mlambisheni chumvi!"

"Anakunywa nini? Maziwa?"

"Baba Neema," Adelina akaita kutoka kwenye boti. Hakupaza sauti. "Wewe ndiye unayesubiriwa."

Nikamwambia hali ya usalama ng'ambo siiamini. Nilisema hivyo mbele ya akina mama waliokuwa wanarudi kwao na watoto mgongoni na madebe kichwani. Mwenye boti akangoja kadiri alivyoweza, kisha maji yakamkataza. Nikabaki kwenye tope na pakiti yangu, nikamwangalia mke wangu akienda kumzika baba yake peke yake. Boti ilipofika mbali, moyo ulitulia kabisa. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Sumu gani inayotulia ukishapata aibu?

Alirudi baada ya siku nane. Akaoga, akala, akakunja kanga zake.

"Walikuuliza?" nikasema.

"Waliniuliza."

"Ukawaambia nini?"

"Kwamba umebaki na maziwa."

Baadaye akaongeza, bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira: "Jembe alipiga Fernando, mume wa mdogo wangu. Wamesema usipotokea arobaini, msalaba nao atasimika yeye. Na ukishasimikwa na yeye, mkwe mkubwa ni yeye. Sikukutetea, Baba Neema. Sikujua nikutetee kwa ugonjwa gani."

Mimi pia sikujua. Nilirudi hospitali kuomba kipimo cha salfa. Daktari akafungua faili langu, akalifunga, akaniandikia karatasi ya kwenda kitengo cha afya ya akili, jengo la nyuma. Nilizunguka jengo hilo mara tatu. Njia ile hupita wanachuo wangu wakienda kunywa chai. Mara ya nne nikainama kama mtu anayefunga kamba ya kiatu, nikaingia. Nilikuwa nimevaa makubadhi.

Daktari alikuwa dada mdogo, wa umri wa Neema na miaka michache juu yake. Nikamweleza yote, kwa mpangilio, nikitumia neno "sumu" mara nyingi.

"Mwalimu, mara ya mwisho ulikuwa karibu na salfa lini?"

"Juni."

"Sasa ni mwezi wa tisa unaisha."

"Inakaa kwenye damu."

"Nani alikuambia?"

Nilikuwa nimejiambia mwenyewe, lakini nikasema, "Nimesoma."

Hakucheka. Akaniuliza kama mwaka ule kumetokea jambo lolote. Nikasema hakuna. Kaka alifariki, ndiyo, mimi ndiye niliyesimamia mazishi na kusoma wasifu, sikulia kwa kuwa nilikuwa na shughuli. Binti alihamia Dodoma. Nilipewa ukuu wa idara, nikabaki na vipindi vyangu vilevile. "Lakini jambo hasa," nikamaliza, "hakuna." Aliandika kwa muda mrefu.

Kisha akasema, "Pumua haraka. Kama mbwa aliyetoka kukimbia. Usiache mpaka nikwambie."

Mkuu wa idara nikahema kama mbwa. Haikufika hata dakika mbili, midomo ikafa ganzi, vidole vikaanza kuchomachoma, moyo ukakimbia, ukuta wa chumba ukawa kama picha ya ukuta.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo," nikasema, machozi yakinilenga.

"Humu ndani kuna salfa?"

Mtanisamehe: niliangalia pembeni, kwenye kona, kuhakikisha.

Akanieleza kwamba ule ni mshtuko wa hofu. "Umewahi kusikia mtaani mtu akipiga yowe la mwizi?" akauliza. "Watu wote hutoka na marungu. Mwizi hayupo, pengine ni paka tu. Lakini marungu ni ya kweli, mbio ni za kweli, jasho ni la kweli. Mwili wako unapiga yowe. Moyo unakimbia kukusaidia ukimbie. Unapumua kupita kiasi, ndiyo maana ganzi. Kisha watu hawaoni mwizi, wanarudi kulala. Hupanda, hufika juu, hushuka yenyewe. Kila mara."

"Maziwa ndiyo yanayoishusha."

"Wewe huyanywa inapokuwa inashuka. Sifa wamechukua maziwa. Tena hilo tumbo, Mwalimu, ni la maziwa."

Nilitoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Nilikuwa nimekuja kutajiwa adui, nikatajiwa pumzi zangu mwenyewe. Adui wa nje utamkimbia. Huyu utamkimbilia wapi? Na kama ni hofu, naogopa nini? Viboko wa Ruvuma sijawahi kuwaogopa. Nilimuuliza Adelina. Akasema, "Mimi ndiye wa kujua?" Halafu akaongeza: "Hukumlilia kaka yako." Nikamwambia hayo hayahusiani. Nikaenda uani, nikakaa kwenye kinu kilicholazwa, nikalia mpaka kuku wakasogea.

Nilipewa vidonge vya kila siku, nikaambiwa vitachukua wiki kadhaa na nisiviache kwa kujiamulia. Na nilipewa kazi ya nyumbani, mimi mpenda kutoa kazi za nyumbani: kwenda kidogokidogo kule ninakokukimbia, bila maziwa, na hofu ikija nisiondoke. Nitoe pumzi polepole, nirefushe kutoa kuliko kuvuta, na nisubiri. Kanisani nikasogea benchi moja kila Jumapili. Kwenye bajaji nikakaa katikati, kati ya mama mwenye kuku na kijana mwenye bati. Shambani, mabibo yakiwa yameanza kuanguka na kunukia, ilinikamata chini ya mkorosho uleule. Nikakaa. Nilihesabu kutoa pumzi mpaka nikapoteza hesabu. Ikashuka. Nilitaka kufurahi, lakini nilikuwa natetemeka mno. Siku iliyofuata ikaja dukani, nikakimbia, nikaacha sukari yangu kwenye kaunta. Yaani hakukuwa na siku moja ambayo ningesema: leo nimepona.

Arobaini ikafika.

Rajabu alikuja nasi. Wayao na Wamakonde nao ni watani, na yeye alisema msiba bila mtani ni kikao tu. Kilambo nikavua viatu. Mkoba ulikuwa na Biblia na shati. Maziwa niliyaacha nyumbani, mezani, nikayatazama kama mtoto anayeachwa. Adelina akapanda bila kugeuka nyuma. Alijua akigeuka nitaomba ruhusa.

Niliweka mguu mmoja. Nikaweka wa pili.

Katikati ya mto boti ikakwama mchangani. Mwenye boti akasema tungoje maji, si muda mrefu. Huku nyuma maji, huku mbele maji, jua utosini, watu kumi na watano wanatazama. Kwa miezi mitano nilikuwa nimeogopa mahali hasa kama hapa. Ikaja. Ikaja kubwa kuliko zote. Nikashika ubao, nikasema, "Mama Neema, nakufa."

Kabla hajajibu, Rajabu akasimama, akashika kichwa, akaangua kilio. "Uwiii! Mngoni wetu amekufa! Viatu navichukua mimi!" Akaomba upondo wa mwenye boti, akanipima nao kuanzia utosini hadi miguuni. "Mrefu mno! Kaburi la hivi nani achimbe? Tumkunje!" Akina mama wakaanza kucheka. Mmoja akauliza kama marehemu ameacha shamba. "Mikorosho sitini," Rajabu akalia, "na hajui hata kuipulizia!" Kisha akainama sikioni kwangu, sauti nyingine kabisa: "Toa pumzi, ndugu yangu. Taratibu. Nipo."

Nilikasirika. Nikacheka. Nikadhani nakufa huku nacheka, nikatoa pumzi, nikatoa tena. Sijui ilichukua muda gani. Najua tu kwamba nilifika kule juu ambako siku zote nilikuwa nakimbia kabla ya kufika, na hapakuwa na kitu. Ikaanza kushuka. Maji yakajaa, boti ikanyanyuka.

Kaburini nilipewa msalaba. Fernando alinisaidia kuushika ukae wima, nami nikashindilia udongo kwa miguu na kwa mpini wa jembe. Jembe la kwanza sitalipata tena. Baba mkwe huzikwa mara moja. Nilimwomba radhi kwa sauti, kwa Kiswahili, nikamwambia niliumwa. Lilikuwa neno la kweli, na ilikuwa mara ya kwanza kulitamka bila kutaja salfa.

Wenzangu wa lile benchi, sina hekima ya kuwagawia zaidi ya hii. Kifua kikikubana mara ya kwanza, nenda hospitali upimwe moyo, usijigange kwa makala yangu. Ukiambiwa moyo ni mzima, usijione umetukanwa. Mlango wa jengo la nyuma una aibu ya hatua tatu, ukishavuka haipo tena. Na ninyi mnaoishi nasi, msituambie tujikaze. Tumejikaza mpaka ndiyo imekuwa ugonjwa. Namshukuru Mungu, namshukuru yule dada daktari, namshukuru Myao mshenzi. Bado hunijia. Mwezi uliopita ilikuja nikiwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, ikabidi ninyolewe nayo. Kwa nini mimi, kwa nini Juni, bado sielewi vizuri.

Tuliporudi kukaa chini ya kibanda cha msiba, nilimwambia Adelina kwa majivuno kwamba nimevuka bila maziwa. Akafungua mkoba wake, akachomoa pakiti ya nusu lita, imevimba kwa joto.

"Ulibeba?"

"Sikujua kama ungeweza," akasema. "Nilisema ukishindwa, angalau safari hii tushindwe wote."

Rajabu akaikata kona kwa meno, akaonja. "Yameganda," akasema, akayanywa yote.